Jinsi ya Kuiteka Intaneti Ukiwa Rujewa, bila Kukusudia

Hongera, ndugu yangu. Mnara umesimama na Rujewa nzima inakuita "mtu wa mtandao". Sasa nikufundishe kuharibu kwa heshima.

1. Achana na ruta za bei mbaya. Chukua kompyuta iliyochoka, weka FRRouting. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo lazima yupo aliyeusoma. Wewe usijisumbue. Ikishawaka, usiiguse tena. Matoleo mapya waachie wasio na kazi.

2. Hapa ndipo penye utamu. BGP ndiyo lugha ambayo mitandao ya dunia huambiana njia, na kwa asili yake humwamini kila anayesema. Jaribu mambo hayo kwenye mfereji wa mpunga: simama useme zamu ya maji ni yako wakati si yako, uone majembe yatakavyoinuliwa. BGP haina jembe. Tena anayetaja eneo dogo zaidi ndiye anayesikilizwa. Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka tu kuwafungia Wapakistani YouTube. Ikatangaza kipande cha anwani 256 za YouTube, tangazo likavuka mpaka, na sehemu kubwa ya dunia ikaikosa YouTube kwa kama saa mbili. Hawakuwa na nia mbaya. Wewe je, unayo?

Kikwazo ni kimoja: FRRouting ya siku hizi ina ubishi. Haipokei njia kwa jirani wa nje wala kumpa mpaka uiandikie sera. Kuandika sera kunataka kufikiri. Bahati nzuri upo mstari mmoja wa kuuzima ubishi huo. Uweke, halafu kanywe chai.

3. RPKI. Ukiwa mwanachama wa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, unaweza kusaini hati inayoonyesha ni mtandao upi wenye haki ya kutangaza anwani zako. Usisaini. Wakikuuliza, sema "tunalifanyia kazi". Kwenye kadi yako andika "Mtaalamu wa Usalama wa Mitandao". Hiyo haihitaji saini ya mtu.

4. Siku mtandao ukilala, usifungue kompyuta, utajionea mwenyewe kosa lako. Pokea simu kwa sauti ya msiba: "Mkongo umekatwa mlima Kitonga, bosi. Greda." Aliyewahi kukwama Kitonga nyuma ya lori hatakubishia.