Kamera Isiyolia

Naomba nianze na lalamiko la msingi: kamera isiyolia utajuaje kama imepiga? Miaka yote nimefanya kazi pembeni ya uwanja kwa masikio. Kha-kha-kha-kha, kioo kinapanda kinashuka, na mkono wenyewe unajua kuna kitu kimeingia. Wenzangu waliochuchumaa nyuma ya goli wanasikia, wanageuka upesi kutafuta nimeona nini. Mfungaji anasikia, anaongeza sarakasi. Hata kocha aliyekuwa anataka kumtukana mshika kibendera anasikia, ghafla anamkumbuka Mungu.

Sasa zimekuja hizi zisizo na kioo, mirolesi, na sifa ya kwanza utakayosomewa dukani ni ukimya. Kwenye gofu naelewa. Pale ukiliza shata mtu akiwa ameinua fimbo, utatazamwa vibaya hadi uondoke mwenyewe. Lakini ndondo ya Mbagala, yenye vuvuzela, ngoma, na MC aliyeelekeza spika kwenye sikio langu la kushoto, ukimya wangu unamfaa nani? Mzee mmoja wa kamati alinisimamia nyuma kwa muda mrefu, mwishowe uvumilivu ukamshinda. "Kijana," akasema (ananiita kijana, Mungu ambariki), "mbona umekaa tu? Umelipwa uje kutazama mpira?" Hapo nilikuwa nimeshapiga picha mia kadhaa mbele ya macho yake.

Kamera yenyewe si yangu. Ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye riziki yake ni harusi, sendofu na kicheni pati. Kwa muda mrefu amekuwa akiitazama kamera yangu ya kioo kwa huruma. "Mjomba, hiyo kaikabidhi Makumbusho ya Taifa, waiweke jirani na fuvu la Zinjanthropus." Mwisho akaniazima yake niionje, kwa masharti makali kuliko ya mkopo wa kausha damu: nisiiweke chini, nisimpe mtu aishike, nisibadilishe lenzi penye vumbi. Ndondo, nisibadilishe lenzi penye vumbi! Pale vumbi ndiyo nyasi yetu.

Lakini kwenye hilo la vumbi mtoto ana haki. Kwenye kamera yangu ukichomoa lenzi, unakutana na kioo, na nyuma ya kioo kuna pazia la shata. Vumbi lina safari ndefu kabla ya kukifikia kihisi. Kwenye nyingi za hizi mpya ukichomoa lenzi, kihisi hicho hapo, uchi, kinakutazama. Baadhi zinafunga pazia ukizima kamera, sawa, kwa hiyo ni wajibu wako kukumbuka kuzima, kungoja, kuchomoa, kuchomeka, kuwasha. Winga naye, kwa adabu zake, asubiri.

Msinione mshamba. Habari hizi nazijua. Sony walipotoa a9 mwaka 2017, ikipiga picha 20 kwa sekunde bila kukutia giza jichoni, sisi wazee tulicheka, tukasema ni ya kupigia watalii. Mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press likatangaza kuwapa wapiga picha wake Sony hizohizo. Mwaka huohuo Canon wakatoa 1D X Mark III na Nikon wakatoa D6, na mpaka leo hakuna jitu jingine la kioo lililozifuata. Mwaka 2021 zikaja Canon R3 na Nikon Z9, na hiyo Z9 haina hata shata ya chuma ndani. Yaani vita vimekwisha. Mimi ndiye niliyebaki porini na bunduki, sijaletewa taarifa.

Na ninachokililia si chuma. Wakubwa waliotufundisha kazi walikuwa na kanuni moja: ukiliona bao kwenye kitundu cha kuchungulia, ujue hukulipata. Kwa sababu picha inapopigwa kioo kinapanda, na kikipanda jicho linaingia gizani. Kama umeona mpira ukigusa wavu, basi kioo kilikuwa chini, na hakuna picha. Aliyelipata bao ni yule aliyeona giza. Ndiyo maana tulijifunza kusoma kiuno cha winga, tukamjua beki anayeteleza mapema, tukabonyeza kabla ya jambo lenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mengine yote ni kubeba mizigo, ambayo nayo haijapungua: mwili wa kamera umekonda, sawa, lakini lenzi ya milimita 400 ya f/2.8 bado inakaribia kilo tatu, na bega ni lilelile.

Basi mpira ukaanza. Kipindi cha kwanza niliiacha kamera ijichagulie yenyewe cha kukiwekea fokasi. Mpwa alishaniambia inatambua watu, mbwa, paka, ndege, magari, pikipiki, treni. Sikutilia maanani hapo kwenye pikipiki. Nyuma ya goli la upande wa msikiti mtu alikuwa ameegesha bodaboda nyekundu, mpya, bado ina nailoni kwenye kiti. Winga anakuja, beki anateleza, kipa anaruka na mikono yote. Kile kisanduku cha fokasi kinatua juu ya kipa, kinatetemeka kidogo, kinamtathmini, kinamwona hana hadhi, kinarudi kwenye bodaboda. Kona, bodaboda. Penalti, bodaboda. Imenoa hadi stika ya bima inasomeka.

Mapumziko nikampigia mpwa, yuko ukumbini anamsubiri bibi harusi. "Mjomba, ingia kwenye menyu, uchague watu peke yake." Anasema "ingia kwenye menyu" kana kwamba ni kibandani! Menyu ya kamera yangu naijua gizani, kwa kidole gumba. Hii ina kurasa, na kurasa zina kurasa ndani, na kile kioo cha nyuma juani kilikuwa kinanionyesha uso wangu mwenyewe ukitoka jasho.

Nikachagua watu. Ndondo, ndugu zangu, watu wake wanasimama juu ya chaki. Na mashine hii inapenda macho. Mchezaji anayekimbia na mpira anatazama chini. Shabiki nyuma yake anatazama mbele, macho ameyatoa yote mawili, mdomo wazi. Sasa ungekuwa wewe ndiye kamera, ungemchagua nani? Nimerudi nyumbani na wakazi wa Mbagala wa kila rika, na mama muuza karanga amependeza kuliko wote.

Kisha likaja bao la kwanza, na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho mpwa hakunitajia. Kamera za siku hizi baadhi yake unaweza kuziandikisha sura za watu, ili wakitokea ziwape kipaumbele. Kwenye harusi ni jambo la maana, bibi harusi asipotezwe na mashoga zake. Mpwa, kwa ukarimu wake, alikuwa amemwandikisha rafiki yake, straika namba tisa wa timu ya mtaani kwao. Straika yule alishatolewa, ameshavaa kandambili, amesimama karibu na bendera ya kona anakunywa maji. Mpira ukapigwa kona upande huohuo, kijana aliyeingia badala yake akaruka, akafunga. Kamera ikampita kijana, ikampita kipa, ikaenda kumpiga mnywa maji. Ikampiga vizuri sana. Mfungaji hakuwa na mtu ndani. Nilidhani mambo haya yako kwenye ajira tu, kumbe hata kamera ina watu wake.

Nikafuta orodha ile ya ukoo. Na kwa hasira nikawasha kitu kingine, kile cha kupiga kabla. Ukigusa kitufe nusu, kamera inaanza kukusanya picha kimyakimya na kuzitupa. Ukibonyeza kabisa, inakupa na zile za nyuma, nyingine hadi sekunde nzima kabla hujaamua. Refa wa ndondo ana kipaji hichohicho, filimbi inatangulia, faulo inafuata. Dakika za mwisho ikaja krosi, kichwa, bao. Nilibonyeza mpira ukiwa umeshatulia wavuni, kama alivyobonyeza kila mwenye simu pale uwanjani. Na nikalipata. Mpira umebonyea juu ya paji la uso, matone ya jasho yako hewani, glovu ya kipa iko kwenye kona ya picha. Katika maisha yangu yote ya kuchuchumaa sijawahi kupata kichwa kilichonaswa vile. Niliitazama picha ile nikakasirika. Mimi nimejifunza kusoma viuno vya mawinga tangu enzi za mkanda, kumbe ningeweza kukaa nasubiri kushangaa, halafu ndipo nibonyeze!

Haikuwa safi kila mahali. Kihisi cha kamera hii kinasoma picha mstari kwa mstari, juu kwenda chini, na mpira wa kasi unapopita pembeni unakuwa umeshasogea kabla hakijamaliza kusoma. Ndiyo maana faulo moja ya mita ishirini nimeipata ikiwa na umbo la yai. Dawa ipo. Sony a9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, inasoma kihisi chote kwa mpigo mmoja na inafikia picha 120 kwa sekunde. Ilitoka kwa dola 6,000 hivi za Marekani, mwili mtupu, lenzi utajua mwenyewe. Nilipiga hesabu kwenye daladala nikirudi: ule mkanda wetu wa picha 36, tuliougawa kwa machozi ili ibaki moja ya kombe, kwa mwendo huo ungekwisha ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Kabla refa hajatoa filimbi mfukoni.

Ile ya mpwa ni 20 tu kwa sekunde, na bado nimerudi na maelfu. Zamani kazi yangu ilikwisha filimbi ilipolia. Nilikuwa na picha chache nzuri, nyingi mbaya, na mbaya zilijitenga zenyewe. Sasa zote nzuri. Saa saba usiku, feni inazunguka, natazama bao moja mara arobaini. Kwenye hii kipa amefumba jicho la kulia. Kwenye inayofuata amefumba yote mawili. Kwenye hii mpira umeligusa paji, kwenye hii umeligusa zaidi. Uamuzi niliokuwa nikiufanya uwanjani kwa kufumba na kufumbua umehamia mezani kwangu, unanilia usingizi na bando.

Nikamtumia mhariri sita nilizozipenda. Akajibu papo hapo, "Kaka, umenitumia picha moja mara sita?"

"Mtazame beki mdomo," nikamwandikia.

"Mdomo wa beki haulipi mishahara. Nipe yenye bango la mdhamini."

Bango la mdhamini, waungwana, lilifungwa palepale nyuma ya goli la upande wa msikiti. Picha iliyotoka ni ya kipindi cha kwanza: bango linasomeka herufi kwa herufi, chini yake bodaboda nyekundu inang'aa, na mbele kuna ukungu wa rangi mbili ambao maelezo ya picha yanasema ni wachezaji wakigombea mpira.

Kamera nimeirudisha kwa mwenyewe. Kama kuna anayetaka ushauri wangu, ni huu: kwa mechi za usiku na kwa mtu mwenye macho yanayochoka, inunue kama fedha unayo, kwa sababu ni bora kuliko yangu na kubisha ni kupoteza muda. Ila kwanza hakikisha mwenye kamera hajamwandikisha rafiki yake.

Na wewe mwenye bodaboda iliyoegeshwa nyuma ya goli, kama unasoma hapa, nitafute kupitia dawati la michezo. Picha zako ninazo, zote zimenoa. Njoo na flashi, na isiwe ndogo.