Tozo Isiyopata Shukrani

Wanaoilaumu tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021 hawaitendei haki. Kwa shilingi 10 hadi 10,000 kila muamala, kulingana na kiasi, ilifanikisha kile ambacho semina za uzalendo zilishindwa: mama ntilie wa Kariakoo anayemtumia mwanawe ada ya shule akawa mhisani wa barabara na madarasa, tena bila kukalishwa kiti cha mbele wala kupewa kipaza sauti. Wapo waliodai kwamba fedha ileile ilishakatwa kodi kwenye mshahara, kisha ikakatwa na kampuni ya simu. Hoja dhaifu, nguo iliyofuliwa mara mbili ina ubaya gani ikisuuzwa? Wengine walirudia kutia noti kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la Mbeya. Hao nao wapongezwe: waliinua sekta ya usafirishaji wakati wataalamu wakihangaika na uchumi wa kidijitali. Na tozo ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka uleule, wabaya wakasema Serikali imezidiwa. La hasha, ilikuwa huruma. Asilimia 70 tuliachiwa ili uzalendo usitutoke ghafla.