Nauli Yako, Adapta Yako

Grupu letu la WhatsApp la madevelopa wa Dar es Salaam limejaa wataalamu. Taja lugha yoyote ya programu, watakesha wakikueleza kwa nini haifai. Ila msimamizi akiandika, "Wakuu, Jumamosi tunahitaji mtoa mada," watu wanazima data kana kwamba umepitishwa mchango wa harusi.

Mimi nikaandika, "Naweza kujaribu."

Basi. Watu ambao hawajawahi kunijibu swali lolote wakaanza kuniita "mkuu" na kunipigia makofi ya emoji. Chai haijapoa, bango limeshatoka: picha yangu nikiwa na suti kwenye harusi ya binamu, na chini yake "Mtaalamu Mbobezi wa Git". Nani kasema mbobezi? Nina amri zangu chache ninazozijua kwa moyo. Zikikataa nafuta folda nzima naanza upya, sawasawa na nyie wote mnaosoma hapa mkijifanya kushangaa.

Nyumbani mke wangu akauliza wananilipa shilingi ngapi. Nikamwambia ni kujitolea. Akauliza nauli je? Nikamwambia najilipia. Akanitazama kwa muda, kisha akasema kama kutakuwa na sambusa nimletee.

Mada yenyewe naipenda, tusidanganyane. Linus Torvalds, mwasisi wa mfumo wa Linux, aliianza Git Aprili 2005, baada ya wenye BitKeeper, programu ambayo waandishi wa Linux walikuwa wakitunzia matoleo ya kazi yao, kuwaondolea ruhusa ya kuitumia bure. Hakwenda kuomba msamaha wala kuitisha kikao, akaandika yake. Na uzuri wake ni kwamba kila mtu anabaki na historia nzima ya kazi kwenye mashine yake mwenyewe. Unahifadhi toleo ukiwa porini Katavi, mtandao ukiupata ndipo unatuma. Mfini kaiandika, lakini ungeapa ni kazi ya mtu wa Kigamboni aliyeishiwa bando.

Bango lilisema saa nne asubuhi. Saa nne nilikuwa ukumbini Kijitonyama mimi na mlinzi, ambaye alitaka kujua kama ni maombi au ni mafunzo ya ujasiriamali. Saa tano na nusu wenzangu wakaanza kuingia, kila mmoja na foleni yake ya Mwenge.

Projekta ilikuwa ya VGA, laptopu yangu ina HDMI tu. "Nani ana adapta?" Chumba kizima cha watu wanaolipwa kutatua matatizo kikaanza kupekua mabegi. Ilipopatikana, waya ukawa umelegea. Sasa, Git huonyesha mistari iliyofutwa kwa rangi nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani. Waya ule ulikuwa umeimeza nyekundu yote. Nikabaki nafundisha tofauti ya matoleo mawili huku nusu ya tofauti yenyewe haionekani ukutani, nikisema, "Hapa, kwenye hii nafasi tupu, kuna mstari, mniamini." Kijana mmoja wa chuo akaenda kuushikilia ule waya kwa vidole viwili mpaka mwisho. Yeye kwenye bango hakuwekwa.

Halafu maswali. Wa kwanza alisema lake si swali, ni mchango, akachangia kuhusu akili mnemba kwa muda mrefu kuliko mada yangu. Wa pili aliuliza kama kuna cheti. Wa tatu, ambaye nilimwona akiandika kwenye daftari tangu mwanzo na nikawa nimeshaanza kumpenda, akanyoosha mkono kwa heshima: "Kaka, bando likiisha, hiyo Git naingiaje?"

Nilimweleza upya kwamba Git iko kwenye mashine yake, na kwamba GitHub ni huduma iliyokuja 2008 ya kuweka kazi hizo mtandaoni. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama nywila ni ileile.

Sambusa ziliisha wakati najibu.

Tangu siku ile mimi ni mali ya umma. Saa sita usiku simu inalia: "Mkuu, shikamoo, nimepushi imekataa." Picha ya skrini imepigwa kwa simu nyingine, kwa pembeni, kidole kimefunika kosa. Juzi msimamizi kaniandikia kwamba nilitisha sana, na watu wanaomba sehemu ya pili. Watu gani? Wale wa mchango?

Sehemu ya pili sitoi. Na wewe uliyekaa kiti cha nyuma ukimnong'oneza jirani kwamba mada ile ungeitoa vizuri zaidi, nafasi ya mwezi ujao iko wazi, dakika thelathini, mada yoyote unayoitaka. Nauli ni juu yako, na adapta uje nayo.