Mfungie, lakini Si Sana

“Mfungie, lakini si sana.” Ndiyo amri aliyonipa shefu, nami niitekeleze vipi, sijui.

Ofisi yetu hapa Pinga, pale Masisi na Walikale zinapogusana, ina seva moja ya Linux inayoishi kwa paneli za jua, yaani mvua ikianza nayo inalala. Mpwa wa shefu alipewa akaunti aingize takwimu. Badala yake akatembea hadi faili ya mishahara, na kufikia saa sita mchana kila mtu alijua primu ya mwenzake. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba kuna fundi.

Nikamwekea rbash, sheli iliyobanwa. Ndani yake huwezi kuhama foldea kwa cd, huwezi kubadili PATH, huwezi kuita amri yenye mkwaju, wala kumwaga matokeo kwenye faili kwa alama ya >. Shefu akafurahi, halafu akaongeza: “Lakini mwachie vim, ana ripoti yangu.”

Nikamwambia vim, hicho kihariri cha maandishi, ni hatari. Akasema mtoto ni wa dada yake. Mtoto wa dada akafungua vim, akaandika :set shell=/bin/bash, kisha :shell, akatoka mzima. Ni kama bariyeri za njia ya Mweso: kamba imenyooka barabarani, mwenye kamba anadai chake, na pembeni kuna kinjia kinachojulikana na kila mwenye pikipiki.

Basi nikamnyang’anya sheli kabisa. Nikamwachia kupakia faili tu, kwa ForceCommand internal-sftp na ChrootDirectory, inayomfungia ndani ya foldea moja. Ugomvi mpya: hiyo foldea ya juu lazima iwe mali ya root na mwingine asiweze kuiandika, la sivyo sshd inamkatalia kuingia. Kijana akalalamika kwamba nimemnyima hata nyumba yake. Nikamtengenezea foldea ya ndani, aandike humo mpaka achoke.

Nilipomaliza jasho lote hilo, ndipo nikaitazama faili yenyewe ya mishahara. Ruhusa zake: 777! Kila mwenye akaunti anasoma, anaandika, hata kufuta yaliyomo. Aliyeagiza hivyo ni shefu, alipochoka kukataliwa na kompyuta.

Sasa ni 600, mali ya mhasibu peke yake. Shefu ananipigia simu tangu asubuhi, anataka kuifungua. Nimemjibu aniandikie barua, yenye muhuri.