Tatu Jumlisha Nne, Inategemea

Tatu jumlisha nne ni saba. Nilichapwa hadi nikaikariri, nikajua suala hilo limefungwa. Sasa binti yangu yuko kidato cha tatu, amerudi na daftari la fizikia lililojaa mishale, na ananiambia kwa upole kama daktari mwenye majibu mabaya: "Baba, inategemea zinaelekea wapi."

Eti ndizo vekta. Kani ya nyutoni 3 na ya nyutoni 4 zikivuta upande mmoja, ni 7. Zikiachana kwa nyuzi 90, ni 5. Zikikabiliana, ni 1. Katikati hapo kila namba ina nafasi yake. Isaac Newton aliiweka kanuni hiyo mwanzoni mwa Principia, mwaka 1687. Kumbe watu wanajua siku zote, wakaniacha nichapwe kwa ajili ya saba.

Kutoa ndiyo balaa. Unaigeuza vekta itazame nyuma, kisha unajumlisha! Daladala inakuja kwa kilomita 60 kwa saa, bodaboda inaikabili kwa 60. Toa mwendo mmoja kwenye mwingine, unapata 120. Kutoa kwa namna hiyo ndiko kunakojaza wodi za mifupa.

Ningevumilia kama yangebaki daftarini. Lakini masika haya kigari changu kikanasa kwenye tope karibu na geti, wakaja vijana wawili na kamba, elfu tano kila mmoja. Wakafunga kamba zote kwenye ndoano ya mbele. Katikati ya njia pana dimbwi, na hakuna aliyetaka kulowesha raba zake, basi mmoja akasimama ukingo wa kushoto, mwenzake wa kulia. Wakavuta, wakaguna, mishipa ikawatoka shingoni. Gari likatikisika kidogo, kwa heshima tu, likabaki palepale.

Binti akatoka na mkebe wake wa hesabu, akafumba jicho moja, akapima. "Nyuzi 120, baba. Kama nguvu zao ni sawa, jumla yao ni mtu mmoja."

"Na yule mwingine yuko wapi?"

"Wanavutana wenyewe. Nusu tu ya nguvu ya kila mmoja inakwenda mbele. Inayokwenda pembeni, ya huyu inauawa na ya yule."

Yaani nimekodi wawili, navutiwa na mmoja. Zipo ofisi ninazozijua zinaendeshwa hivyohivyo, na zina hadi gari la mkurugenzi.

Nikawasihi wasogeleane. Pembe ikishuka hadi nyuzi 60, binti akasema, wanakuwa kama mtu mmoja na robo tatu hivi. Wakivuta sambamba ndipo wanatimia wawili. Wakalitazama dimbwi, wakazitazama raba, wakasonya. Wakasogea. Gari likatoka.

Wakati wa kulipa, nikaona elimu ya mtoto nami initumikie. Nikawaeleza kwamba mwanzoni walikuwa mtu mmoja kihesabu, hivyo ni haki tutoe kidogo kwenye ile elfu kumi.

Mkubwa wao akamgeukia binti. "Eti dogo, kwenye hesabu zenu, kutoa mnafanyaje?"

"Unageuza mshale, halafu unajumlisha."

Akaokota kamba, akaenda nyuma ya gari, akaanza kutafuta pa kuifunga. "Sawa, mzee. Basi tutoe."

Nikalipa elfu kumi.