Karani Anayekiri Kosa

Wengi huisoma 404 kama tusi. Ukurasa ukikosekana, mtu anazima data, anawasha data, anainua simu juu kana kwamba anatafuta mwezi mwandamo. Kazi bure: namba hiyo ni ushahidi kwamba mtandao upo. Ombi limefika, seva imelipokea, imetafuta, imejibu. Mtandao ungekatika kweli, nani angekuletea tarakimu hizo tatu?

Ninachodai ni kwamba seva ina adabu kuliko makarani wengi wa dirishani. Tangu toleo la 1.0 la kanuni za HTTP, zinazoongoza mazungumzo ya kivinjari na seva, lilipochapishwa Mei 1996, tarakimu ya kwanza ndiyo inayogawa lawama: 4, umekosea wewe uliyeomba, 5, nimekosea mimi. Nitajie ofisi yenye mhuri wa "nimekosea mimi". Dirishani utaambiwa "mtandao uko chini", kosa lisilo na mwenyewe, kisha "njoo kesho", na kesho ipi hutajiwi. Seva iliyoelemewa hujibu 503, na inaweza kukuambatanishia muda wa kurudi, tuseme baada ya sekunde 120. Sekunde! Fundi cherehani wakati wa Idi hathubutu kukutajia hata siku.

Mtu atasema seva nazo huongopa. Ni kweli. 403 ni bawabu: kitu kipo, ila huruhusiwi. Lakini kanuni zenyewe zinairuhusu seva ijibu 404 badala yake, usijue hata kama kipo, mfano wa mtoto anayetumwa mlangoni aseme baba hayupo. Huo ni uongo wenye kibali. Unaoudhi ni ule wa 200, yaani "sawa, chukua", halafu ndani ya bahasha kuna "samahani, hitilafu imetokea". Mitambo ya uangalizi inawaka kijani, mteja kabaki mikono mitupu. Ila seva haikujifunza hayo yenyewe. Kuna binadamu aliyeiagiza, pengine ili ripoti ya mwezi ipendeze.

Na anayesema namba hazina utu aitazame 418, mzaha wa tarehe 1 Aprili 1998 uliotungwa ndani ya kanuni za kupika kahawa kwa mtandao: chombo kikiombwa kahawa kinajibu kwamba chenyewe ni birika la chai. Mzaha ulienea hata kanuni za HTTP za 2022 zikaizuia namba hiyo isipewe kazi nyingine. Na tazama inavyoanza: kwa 4. Mkosaji ni aliyeliomba birika la chai kahawa.