Ndoo ya Mlango wa Nyuma

Kosa lilikuwa langu, nalikiri kabla sijasimulia. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga mwezi wa Mei, na hata wiki haijaisha akawa ameshaona kwamba nyumba yetu hapa Sutton Coldfield haina jani la mboga wala kipande cha achari. Tukapanda treni hadi New Street, tukaunganisha basi la Soho Road, tukarudi na mbegu za mchicha. Ukaota vizuri, makopo manane dirishani, na kila alfajiri baada ya sala Mama aliyapitia moja moja.

Safari iliyofuata tulileta maembe mabichi. Mama aliyakata, akayaloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi akayaanika kwenye sinia, maana jua la huku ni la kuvizia. Maji aliyoyachuja akayatia kwenye ndoo ya mlango wa nyuma ayamwage baadaye. Ndoo hiyo ndiyo ninayokingia mvua.

Nikamwagilia makopo yote manane. Kufika adhuhuri mchicha umelala. Nikadhani ni kiu, nikaongeza. Mama aliporudi kutembea Sutton Park, alichovya kidole kwenye udongo, akakilamba, akaketi kimya na leso yake begani. Nilitamani anikaripie.

Binti yetu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa baiolojia, akakata vipande viwili vya kiazi: kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi. Baada ya saa chache cha kwanza kilikuwa kigumu, cha pili kimelegea kama mpira.

“Bibi, maji yameporwa kutoka ndani ya jani,” akasema.

Kila seli, alitueleza, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta unaochagua cha kupitisha. Maji hupenya, mengi yake kupitia vijitundu vya protini ambavyo Peter Agre alivigundua, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Chumvi haipati njia rahisi namna hiyo. Ikizidi nje, maji ya ndani hutoka kuielekea, utando unasinyaa na kubanduka kwenye ukuta wa seli, na jani lililokuwa limesimama kwa kujaa maji linaanguka. Ndiyo osmosisi, na ndiyo iliyokuwa ikilainisha maembe ya Mama usiku ule.

Tulisuuza udongo kwa maji ya bomba mara nne. Makopo matatu yaliinuka.

Siku ya pili yake mwanetu wa mwisho, wa miaka mitatu, akaanza kuharisha. Nikamkuta Mama jikoni na jagi, sukari na chumvi. Nikamshika mkono. “Mama, chumvi tena?”

“Mwanangu, maji haya ndiyo yaliyomponya mumeo.”

Binti akaingia na pakiti za ORS kutoka duka la dawa, akatusomea: glukosi, sodiamu, potasiamu. Mama akauliza, “Si ndiyo hiyo hiyo?”

“Ndiyo, Bibi, ila hii imepimwa.”

Kwenye seli za utumbo kuna mlango ambao glukosi moja hupita pamoja na sodiamu mbili. Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Upande wa pili wa seli, pampu hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, ikila nishati bila kupumzika, na maji hufuata kuelekea damuni. Mlango huo hubaki wazi hata kipindupindu kikiwa kimelitibua tumbo lote. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Nilisoma hayo saa nane usiku, mtoto mapajani, nikalia kwa wale mama waliokuwa na kijiko tu.

Tulimpa kijiko kimoja kila baada ya dakika chache, Mama na mimi kwa zamu. Midomo ilikuwa mikavu, na tangu magharibi hakuwa amekojoa. Kulipoanza kupambazuka alifumbua macho, akanong'ona kwamba anataka choo. Mama akambeba mwenyewe. Nilisimama nje ya mlango, nikisikiliza.

“Amekojoa!” Mama alipaza sauti. “Mwanangu, njoo uone, amekojoa!”